Ujiji, Ncha ya Pili ya Njia Yetu

Mvua ilikula tuta la reli kati ya Nguruka na Uvinza, na treni yetu ya kwenda Kigoma ikalala porini. Hakuna aliyetutangazia kitu. Habari tuliletewa na kijana muuza karanga, naye alikuwa ameipata kwa gadi, na gadi mwenyewe alikuwa ameshashuka na tochi kwenda kutazama. Basi tukakaa. Taa zikafifia, mbu wakaingia, na watoto wa behewa la jirani wakaanza kulia kwa zamu.

Nilikuwa nimelipa nauli ya daraja la pili la kulala, na kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi nauli hiyo inauma. Dirisha la upande wangu halikufunga mpaka chini, mvua ikawa inaingia pale pale mtu anapoweka kichwa. Choo cha mwisho wa behewa kilikuwa kimekauka tangu Tabora. Anayepanga kwenda wakati wa masika anunue dumu zima la maji Tabora, tena mapema, maana kila kituo baada ya hapo maji ya chupa yanapanda bei.

Chumbani tulikuwa wanawake watupu: mama wa Kasulu na kichanga chake, msichana wa chuo anayerudi likizo, na mama mtu mzima wa Uvinza ambaye tangu tunapanda alikuwa ameweka ndoo yake miguuni na hakuruhusu mtu aisogeze. Kulipopambazuka wanakijiji wakatufikia na mabeseni. Mahindi ya kuchemsha yalianza kwa shilingi 300 gunzi moja. Jua lilipochomoza yakawa 500. Walipoelewa kwamba hatuondoki karibuni, yakafika 1,000. Mama wa Uvinza akawafukuza dirishani. "Mimi ni mtoto wa njia hii," akasema, "siuziwi hindi kwa elfu." Akafunua ile ndoo. Ndani mlikuwa na ugali wa muhogo uliokwishapoa na migebuka ya kukausha, akatugawia wote, hata yule mama mwenye mtoto ambaye alikuwa hajasema neno tangu usiku.

Huyo ndiye aliyeniambia habari za chumvi. Kwao ni karibu na Mto Ruchugi, penye chemchemi za maji ya chumvi, na bibi yake aliyapika maji hayo kwa vyungu mpaka yakabaki mawe meupe. Nilijua kwamba wachimbuaji wa mambo ya kale waligundua Uvinza vyungu vya kazi hiyo hiyo vyenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, lakini sikuwahi kukaa na mtu ambaye bibi yake alishika moja ya vyungu vya namna hiyo. Chumvi ile ilipelekwa ziwani Ujiji, ikavushwa, ikasambaa nchi zote za kandokando. Kabla mtu yeyote wa pwani hajafika huku na shanga zake, soko lilikuwepo.

Nikamwambia nami ninalolijua: kwamba wageni wamelalamikia bei za kwao tangu zamani. Wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke mwaka 1858, na Stanley mwaka 1871, wote walitozwa vitambaa na shanga ili wavushwe Mto Malagarasi. Stanley alipoingia nchi ya Waha akadaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, hapa, akadaiwa tena pale, mpaka akaona dawa ni kuwatorosha watu wake usiku wa manane, wakapita porini kimya kimya wasionekane. Mama wa Uvinza akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe hata wao walipita bila tiketi!"

Saa nne asubuhi tukasikia mvutano wa mabehewa, tukaondoka polepole juu ya mawe mapya, na watu wote madirishani wakitazama chini.

Niseme kwa nini nilikuwa ndani ya treni ile. Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Sisi tumekua tukiambiwa kwamba mji wetu ndio mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, mahali wapagazi walipofika na pembe za ndovu mabegani wakaiona bahari, wakatua mizigo na mioyo yao. Wengine wanasema hapana, jina la mji ni la mateka, waliobwaga moyo kwa sababu hapo ndipo walipopoteza tumaini la kurudi kwao. Ubishi huo hauna mwisho, na nimeusikia barazani, shuleni na hata msibani. Kinachonishangaza ni kwamba katika ubishi wote huo hakuna anayeuliza: njia hiyo ilitoka wapi? Njia ina ncha mbili. Watoto darasani kwangu wanaweza kukuonyesha Bagamoyo kwenye ramani na macho wamefumba. Ukiwaambia waweke kidole Ujiji, wanatafuta mpaka Burundi. Nikaamua niende nikaione ncha ya pili.

Kigoma yenyewe sitaieleza sana. Unashuka kwenye stesheni nzuri ya Wajerumani, ziwa liko mbele yako, vilima vimeikumbatia ghuba pande zote, na madereva wa bajaji wanakuzunguka. Nilitozwa shilingi 5,000 kufika gesti Mwanga, na kesho yake mwenye gesti akaniambia wenyeji hulipa 2,000. Chumba kilikuwa safi lakini maji yalitoka alfajiri tu, kwa hiyo kila siku niliamka na adhana nijaze ndoo. Chakula sina la kulaumu. Dagaa wa Kigoma waliokaangwa kwa mawese na pilipili, na ugali wa muhogo pembeni, nilikula mchana na usiku.

Ujiji iko kusini ya Kigoma, kilomita chache tu, na daladala zinakwenda mfululizo. Nilishuka na kwa muda nikasimama barabarani nikiwa sielewi macho yangu. Wazee wa kanzu na barakashia. Nyumba ndefu za baraza, milango iko wazi, pazia likipepea. Kikombe kidogo cha kahawa chungu na kashata. Wanawake wamejitanda khanga kama wetu, wanaitana "shoga" kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Na miembe! Miembe mikubwa, mizee, yenye mashina ambayo watu watatu wakishikana mikono huenda wasilizungushe. Kutoka Bagamoyo hadi hapa kwa njia ya miguu ni karibu kilomita 1,200, mwendo wa miezi mitatu kwa msafara uliobahatika, na miembe imefuata njia ile ile, Tabora ipo, na mwisho wake ni hapa.

Nilianza na kumbukumbu ya Livingstone, kwa sababu ndiko kila mgeni anakoelekezwa. Nililipa kiingilio cha raia, ambacho ni nafuu. Kijana aliyenitembeza alikuwa anajua kazi yake. Mnara una ramani ya Afrika iliyochongwa juu ya jiwe, na maandishi yanasema kwamba chini ya mwembe uliokuwa hapo Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani, iliyopo ni vizazi vyake. Kando kuna kumbukumbu ya Burton na Speke, Wazungu wa kwanza kuliona ziwa hili, Februari 1858. Kijana akanieleza jinsi Livingstone alivyorudi kutoka Nyangwe, kule Kongo, amechoka na mgonjwa, akakuta mali zake alizoziagizia Ujiji zimekwishauzwa, na jinsi mtumishi wake Susi alivyokimbia kumwamkia Stanley kabla ya wengine.

Hapo kwenye jina la Susi nikamsimamisha. Susi na Chuma ndio waliokuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa Livingstone, baada ya kufa kwake kule nchi ya Chitambo, wakautembeza miezi kwa miezi mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Kwetu kuna mnara wa kanisa la kale ambako mwili huo ulilazwa usiku kabla ya kuvushwa Unguja. Nilipokuwa mtoto tulicheza kivulini pake. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mahali ambapo watu wale walianzia ukurasa mmoja wa kazi yao, nami nimelelewa mahali walipoumalizia. Kwenye jiwe lakini ni majina mawili tu, la Stanley na la Livingstone. Nikamuuliza kijana, "Na mji huu ulijengwa na nani?" Akatabasamu, akasema, "Hilo, dada, uwaulize wenyewe." Akanyoosha mkono kuelekea mitaani.

Nikatelemka na njia inayokwenda ziwani. Chini ya mwembe mmoja alikaa bibi mwenye karai la mafuta, anakaanga samaki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu mgebuka ni wa leo, ametoka majini alfajiri. Wewe si wa hapa. Watoka wapi?"

"Natoka Bagamoyo."

Akaacha kugeuza samaki. "Bagamoyo ya pwani?"

"Hiyo hiyo, bibi."

Akainuka. Akamwita mjukuu wake ashike karai, akajifuta mikono kwenye khanga, akanishika kifundo cha mkono wala hakuniuliza kama nina nafasi. Tulipita vichochoro vitatu vinne, na katika kila baraza alisema maneno yale yale: "Huyu ametoka Bagamoyo." Watu wakainuka wakanipa mkono. Mzee mmoja aliniuliza kama nilikuja na treni au basi, kisha akasema, "Wenzio walikuja kwa miguu," na wote wakaitikia kana kwamba wenzangu hao wamepita wiki iliyopita.

Alinipeleka kwa kaka yake. Mzee huyo alikuwa barazani, bao mbele yake, na wenzake wawili. Nikapiga hodi na kuamkia.

"Marahaba. Pita mwanangu, ukae. Boma la Wajerumani la kwenu lingalipo?"

Lipo, nikasema, ingawa limechakaa.

"Na ile nyumba walikokuwa wakifikia wapagazi?"

Ipo pia.

"Na bahari, ni kweli ikipwa mtu anaweza kutembea mbali mpaka majahazi yanabaki yamekaa mchangani?"

Ni kweli. Akatikisa kichwa polepole, akawaangalia wenzake, kama mtu aliyebishiwa kwa miaka na leo amepata shahidi. Hajawahi kuiona bahari maishani mwake. Aliyajua hayo kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake.

Nilikaa pale tangu kabla ya adhuhuri mpaka magharibi. Walinilisha, walinisalisha, wakanilisha tena, na nilipotaka kutoa pesa ya samaki bibi alinikunja vidole juu ya noti nisiitoe. Katika safari nzima ya kulipa na kulipishwa, hapo peke yake ndipo mkono wangu ulirudishwa.

Nikauliza lile nililotumwa na moyo wangu kuuliza: jina la mji. Babu alisoma darasa la nane la wakati wa mkoloni na amesoma mengi baada ya hapo. Akasogeza bao.

"Mji huu haukupewa jina na mtu yeyote," akasema. "Jina lilikuwa la nchi, mji ukaja ukalivaa."

Wenye nchi ni Wajiji, Waha wa kandokando ya ziwa, na nchi yao ndiyo Ujiji, kama vile ya Wagogo ni Ugogo na ya Wanyamwezi ni Unyamwezi. Burton aliandika hivyo hivyo: kwamba Ujiji ni jimbo, si mji mmoja. Kijiji alichofikia yeye kiliitwa Kawele, na mkubwa wake alikuwa Kannena. Wafanyabiashara wa pwani walianza kufika huku katika miaka ya 1830 na 1840. Walipokuwa wakifunga mizigo Bagamoyo au Tabora hawakusema wanakwenda Kawele. Walisema wanakwenda Ujiji, nchi ya mbali kule penye ziwa. Neno likatangulia mbele ya misafara. Mwaka 1876 Stanley aliporudi alikuta sehemu mbili: Ugoi walikokaa Waarabu na watu wakubwa wa pwani, na Kawele ya wangwana, yaani watu huru wa kipwani, watumwa na wenyeji, na soko katikati. Pale sokoni palikuwa na mawese, dagaa, chumvi ya Uvinza, mbuzi, pembe na watu, na fedha ilikuwa shanga. Mkubwa wa watu wa pwani alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, pwani inayoelekea Unguja, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 alipandisha hapa bendera ya Sultani Barghash wa Unguja, bendera ya kisiwa kilicho ng'ambo ya nchi nzima.

"Basi Ugoi na Kawele yakabaki majina ya wazee," babu akasema, "na Ujiji likawa la mji."

"Mji wa watu wa pwani," bibi akadakia.

"Mji wa Wamanyema," babu akasema.

Hapo ndipo mchana wetu ulipobadilika. Ilikuwa dhahiri kwamba ndugu hawa wawili wamelizungumza jambo hili maisha yao yote, na hakuna aliyewahi kushindwa. Babu akanyoosha fimbo kuelekea magharibi, ng'ambo ya ziwa, ambako milima ya Kongo huonekana hewa ikiwa safi.

"Bibi yake bibi yetu alitoka Ubwari, kule. Hakupanda mtumbwi kwa kupenda. Wapo waliotoka kwa Wagoma, kwa Waholoholo, kwa Wabembe, na wa mbali zaidi, mpaka Nyangwe. Wote walipotua hapa wakaitwa Wamanyema. Sisi ndio tuliolima, tukajenga, tukavua. Watu wa pwani walikuwa wachache, na wengi walikwenda zao."

"Lakini aliolewa na mngwana wa pwani," bibi akasema. "Akasali, akavaa kaniki, akafa anaitwa bibi wa kingwana. Sasa nani wa kumvua?"

"Na aliyemvika ni nani?"

Bibi hakujibu. Mmoja wa wale wazee akapakua kete za bao akazihesabu upya ingawa mchezo ulikuwa umekwisha. Mimi nilitazama chini. Kwetu tunaposema "njia yetu" tunaitamka kwa fahari, na fahari hiyo ninayo bado, lakini pale barazani nilikuwa mgeni kutoka mji ambao minyororo ilifikia, nimekaa na watu ambao babu zao walianzia kuvaa minyororo hiyo mahali hapo. Wamenipa chakula. Niliona ni wajibu wangu kuyasikiliza yote bila kutafuta neno la kuyapunguza.

Baadaye nikawaambia habari ambayo wao hawakuwa nayo: kwamba Dar es Salaam, Kariakoo, upo msikiti unaoitwa Msikiti wa Manyema, uliojengwa na watu wao waliofika hadi pwani wakabaki. Babu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika, nimepita mbele yake mara nyingi. "Basi na sisi tuko kwenu," bibi akasema, na kwa mara ya kwanza kaka yake hakumbishia.

Jua lilipopoa tukashuka wote ziwani. Nilidhani tutafika mara moja, kwa sababu mnara wa Livingstone unasimama mahali palipokuwa karibu na maji. Tulitembea, tukatembea. Mihogo, nyumba, uwanja wa watoto wanaocheza mpira, ndipo ufuko, mitumbwi imepangwa na nyavu zimeanikwa. Babu akanieleza sababu nami nikaisoma tena niliporudi. Ziwa lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Mlango wa mto ule ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mpelelezi Mwingereza Cameron aliuona mwaka 1874, Stanley akaukuta karibu umefungwa mwaka 1876. Maji yakajaa nyuma yake, ziwa likapanda. Kiasi cha mwaka 1878 kizibo kikapasuka, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kwa mita, ufuko wa Ujiji ukaachwa juu. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena na wapo wa mwambaoni waliohama nyumba. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 likijitikisa kidogo tu, watu wa kingoni lazima wahame.

"Ziwa ndilo lililotuacha kwanza," babu akasema. "Reli ikafuata."

Neno hilo nililala nalo. Asubuhi nikaenda stesheni ya Kigoma, si kwa ajili ya tiketi, nikasimama pale reli inapokoma. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, kama mtu yeyote angefanya, maana mji ulikuwa pale. Lakini walipojenga reli ya kati, walioianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Tabora mwaka 1912, hawakuipeleka Ujiji. Ufuko wa Ujiji ni wazi kwa upepo na maji yake ya kingoni ni haba. Kigoma, iliyokuwa na ghuba ya kina iliyofunikwa na vilima, ndiyo iliyopata reli mwaka 1914. Meli yao kubwa, Goetzen, ililetwa kwa vipande ndani ya maelfu ya makasha, ikaunganishwa hapo Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Ujiji ikatazama yote hayo kutoka nyuma ya kilima cha Bangwe.

Na nyumbani kwetu ni hadithi hiyo hiyo, neno kwa neno. Bagamoyo ilikuwa mji, Wajerumani wakaweka makao yao Bagamoyo. Lakini bahari yetu ni ya kina kifupi, meli kubwa hukaa mbali, na Dar es Salaam ilikuwa na bandari iliyojificha vizuri. Makao yakahamishwa mwaka 1891. Reli ikaanzia Dar. Njia ile ya miguu, iliyokanyagwa na maelfu kwa maelfu ya watu kutoka ncha hadi ncha, ikanyang'anywa ncha zake zote mbili kwa chuma kimoja, na kwa sababu ile ile, kina cha maji. Nimefundisha historia miaka mingi na hili sikulisoma popote kwa pamoja. Ilibidi nije nisimame hapa. Sisi na Ujiji tumeachwa na treni moja. Watoto wangu darasani sasa watalijua hilo kabla ya kulijua jina la Stanley.

Nilirudi Ujiji kuaga. Bibi alikuwa ameandaa dumu la mawese na furushi la dagaa, "wa watu wa Bagamoyo". Nikamuuliza wa nani hasa. "Wa yeyote," akasema. Kisha akanivuta pembeni akaniambia kwamba yule mngwana, mume wa bibi yule wa Ubwari, alitoka Bagamoyo au karibu na hapo. Jina analo moja tu, la kawaida mno, na hajui ukoo. Je, kuna wazee kwetu wanaokumbuka watu waliokwenda bara wasirudi?

Dumu lilinigharimu. Stesheni waliliita mzigo wa hatari kwa mabegi ya wengine, wakanitoza, na nilipofika Dar wapagazi wa siku hizi wakanitoza tena kulishusha. Nililibeba hata hivyo hadi mlangoni kwa shangazi yangu, mtaa wa Dunda, Bagamoyo, nikamweleza kila kitu huku akionja dagaa mmoja mmoja. Nilipofika kwenye swali la bibi aliacha kula. Akasema kwa upande wa mama yake husimuliwa habari za kijana aliyeondoka na mzigo wa vitambaa vya merikani kichwani. Salamu zake zilirudi mara moja, kutoka Tabora, kisha kimya. Jina lake hakulijua. Hakusema ndiye, nami sikusema.

Akaniuliza mvua za Kigoma zinakatika mwezi gani. Nikamwambia Mei. Tutakwenda Juni, shule zikifungwa.